Njia ya Bi Sabra na Nguzo Tatu

Mimi ndiye mwandishi wa mihtasari ya mikutano ya mtaa wetu hapa Likombe, kwa hiyo sehemu ya kosa hili ni yangu, na sitaki kumsukumia mtu mwingine. Nilipostaafu ualimu nilipewa kalamu ya kamati kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nimeichoka, lakini hakuna anayeitaka.

Bi Sabra anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni mzaliwa wa Mikindani. Ameolewa, ameachika, ameolewa tena na kufiwa, na yote hayo ameyapitia bila kutembea, maana miguu ilimkatalia akiwa na miaka minne. Sokoni anarekebisha nguo za mitumba kwa cherehani ya mkono, na huko huenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Cherehani hukaa kwenye kasha nyuma ya kiti. Ana mabega mapana kuliko wanaume wengi wa mtaa huu, na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

Kutoka kwetu hadi sokoni kwenye lami ni kama kilomita moja na nusu. Katikati pana bonde la mchanga. Magurudumu yake yalikuwa yakizama hapo, akangoja mpita njia amsukume. Siku moja mpita njia nilikuwa mimi. Akasema bila kugeuka:

"Mwalimu, unajua ninachokitaka? Niende sokoni na kurudi bila kumwambia mtu asante. Nikienda asante, nikirudi asante. Nimechoka kushukuru."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ndiyo maana kwa miaka minane hakukosa mkutano hata mmoja. Mwaka wa kwanza tuliomba njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, tukaambiwa bajeti imeshapita. Mwaka uliofuata tukaambiwa tumechelewa kuwasilisha. Uliofuata, kwamba barua yetu haionekani, tuandike nyingine. Niliandika nyingine. Watu wakaanza kukata tamaa, wengine wakasema tuombe choo cha soko tu, lakini Bi Sabra aliinua mkono pale pale mkekani kila mwaka na kusema, "Andika njia, mwalimu."

Hapo mkekani ndipo kosa lilipozaliwa. Mikutano yetu hufanyika ukumbini mwa ofisi ya mtaa, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Bi Sabra huwahi kabla ya wageni. Wanawake wawili humshika makwapa, wakamshusha, wakamtandikia khanga miguuni, na baiskeli yake husukumwa nyuma ya ofisi. Hakuna anayeificha kwa nia mbaya. Ni adabu. Nilipohamia hapa kutoka Njombe nilimuuliza mbele ya watu miguu ilipatwa na nini, na jirani yangu alinifinya paja hadi pakaota alama. Tangu siku ile nami nikajifunza kutoona.

Mwaka wa nane fedha zilitoka. Alikuja mhandisi, kijana mpole aitwaye Goodluck, akatandaza mchoro mezani. Njia ya saruji upande mmoja wa barabara, mtaro wa maji huku, ukingo mrefu kule, na vituo viwili vya daladala vyenye paa. Watu walipiga vigelegele. Akauliza kama kuna maoni, na Bi Sabra akainua mkono.

"Mhandisi, bodaboda watatunyang'anya njia hiyo wiki ya kwanza. Nawajua, hawana haya. Pigeni nguzo za chuma huku na kule, baiskeli ipite, pikipiki isipite."

Goodluck alifurahi. Akauliza nguzo ziachane kiasi gani, kisha akatoa kamba yake ya kupimia na kupima usukani wa baiskeli ya mwenyekiti wetu, Mzee Rajabu, iliyokuwa imeegemea ukutani. Sentimita sitini. Akaandika nguzo tatu kila mwisho wa njia, ziachane sitini na tano. Baiskeli ya Bi Sabra ilikuwa nyuma ya ukuta huo huo, hatua kumi tu.

Niliiwaza. Hilo ndilo linaloniuma. Niliiwaza, nikafungua mdomo, kisha nikajiambia kwamba mwenyewe yupo, atasema, mimi nani nimtaje mtu kwa kilema chake mbele ya mgeni. Baadaye Bi Sabra aliniambia yeye wala haikumjia kichwani. "Nani Likombe asiyejua kuwa sitembei? Nilisahau kuwa yule si wa Likombe."

Siku ya makabidhiano alikuja mgeni rasmi, utepe ukafungwa, spika zikapiga muziki. Mzee Rajabu akatangaza kwamba aliyepigania njia hii miaka minane ndiye atakayepita wa kwanza. Bi Sabra alikuwa amevaa baibui jipya na kuzipaka rangi fito za baiskeli yake. Utepe ukakatwa. Akazungusha mikono, akaja kwa kasi, gurudumu la mbele likapita, na yale mawili ya nyuma yakagonga nguzo. Akarudi nyuma, akajaribu upande wa pili. Yakagonga tena.

Wanaume wanne wakajitokeza haraka, kwa heshima zote, wakambeba na baiskeli yake, wakamvusha juu ya nguzo na kumweka ng'ambo. Mgeni rasmi akadhani ndiyo namna yetu ya kumtukuza mtu. Akapiga makofi. Sote tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, Mungu anisamehe, na Bi Sabra akatazama mbele na kusema, "Asanteni."

Goodluck alinifuata nyuma ya hema, macho kwenye viatu vyake. "Mwalimu, mbona hamkuniambia?"

Nikamuuliza kama nguzo moja haiwezi kung'olewa kesho. Akasema mkataba umefungwa, kazi imepokelewa, na mwananchi akiing'oa ni kuharibu mali ya umma. Iletwe kama hoja, ipite mtaa, ipite kata, iingie bajeti ijayo. Miezi miwili baadaye akahamishiwa Nanyamba.

Kwa hiyo tukaanza upya. Mkutano uliofuata aliletwa mhandisi mwingine, mama mmoja mtaratibu, Happiness. Alikwishakaa kwenye kiti cha wageni Bi Sabra alipoingia, na hakuingia kama siku zote. Aliingia na baiskeli. Akapita katikati ya mikeka, wanawake wakikunja miguu na kuvuta watoto, hadi mbele ya meza.

"Bi Sabra," akasema Mzee Rajabu kwa upole, "shuka mama, upumzike na wenzio."

"Leo sishuki, mwenyekiti. Mficha uchi hazai. Mwaka jana mlinisitiri, na nilisitirika, na mmeona faida yake." Akanigeukia. "Mwalimu, andika kwamba Sabra hatembei. Pima hii baiskeli, uandike na upana wake. Halafu usome kwa sauti."

Nilipima, kisha nikasimama na kusoma: mjumbe Sabra hatembei tangu utotoni, anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, upana sentimita themanini na sita, anaomba nguzo ya kati iondolewe pande zote mbili. Hakuna aliyeinua macho kutoka mkekani. Niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu, maana mwenyewe alikuwa ameketi wima ananisikiliza na hakuna kilichompungua.

Mhandisi Happiness aliomba radhi kwa niaba ya ofisi, na naamini ilitoka moyoni. Akanakili vipimo. Akasema mwaka huu fungu limekwisha, itaingia bajeti ijayo.

"Ijayo," akasema Bi Sabra. "Haya. Nimezoea."

Kesho yake nilikwenda naye sokoni, maana usingizi ulikuwa umenikataa na sikutaka kukaa nyumbani. Penye nguzo za kwanza wapo bodaboda siku hizi, wamepafanya kijiwe. Pikipiki zao haziingii, kama alivyotaka. Hemedi, mmoja wao, alizima chombo chake alipotuona, akamwita mwenzake.

"Mama Nguzo, shikamoo. Leo umechelewa."

"Marahaba. Beba, acha maneno."

Wakambeba, wakamweka ndani. Njia yenyewe ni nzuri, sisemi uongo. Kwenye lile bonde la mchanga alipita akizungusha kwa kasi hata nikaachwa nyuma, na nilimsikia akiimba. Mwisho wa njia akafunga breki mbele ya nguzo nyingine tatu, akakunja mikono, akangoja. Wachuuzi wawili wakamtoa. Jioni wakamwingiza wengine, na Hemedi akamtoa.

Zamani zilikuwa asante mbili kwa siku. Siku ile nilizihesabu. Zilikuwa nne.