Foleni ya Darajani

Safari ilipangwa na kikundi cha akina mama wanaouza nafaka sokoni Mbarara. Sisi wakimbizi wa kambi ya Nakivale huwauzia maharage, basi wakatuonea huruma, au labda waliona viti vya basi vimebaki vitupu, wakatualika twende nao kutembezwa mpakani, tuone jinsi mizigo inavyovuka kwenda Tanzania na kurudi. Wenzangu walikwenda kujifunza biashara. Mimi nilikwenda kuonana na mama yangu, na sikumwambia mtu ila jirani yangu, Mkongomani wa Kivu Kusini, mwanamke asiyejua kunyamaza lakini anayejua kutunza siri.

Mama anaishi ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Tanzania, kwa mpwa wake aliyeolewa huko. Hana karatasi ya kuvukia. Yangu ni ya ukimbizi. Inanifikisha mpakani kwa ruhusa, zaidi ya hapo haiendi. Kwenye simu aliniambia jicho moja limeshafunga na la pili limeanza kuingia ukungu, anataka anione kabla halijazima. Tukaelewana: nikifika katikati ya daraja nitajifunga kichwani kitenge cha njano alichoniachia, naye atasimama mwisho wa daraja upande wake. Uso usipoonekana, njano ataiona.

Tulipita Kaberebere, mji mdogo wa njiani. Kila kizuizi cha askari nilishika karatasi mkononi kabla basi halijasimama. Kiongozi wetu, bwana mmoja wa Mbarara mwenye fulana ya kijani, alitupa masharti: hakuna picha, hakuna kupunga mkono, hakuna kumwita mtu wa ng'ambo, na atakayevuka mstari mweupe atajieleza mwenyewe kwa maafande. Akina mama wa Mbarara walicheka, wakaendelea kula ndizi zao za kuchoma. Mtu mwenye kwao hucheka kirahisi. Niliwachukia kidogo, Mungu anisamehe.

Daraja lilikuwa fupi kuliko nilivyofikiria. Wanajeshi walikuwa kila upande, bunduki begani, na juu ya kilima wengine tena. Ng'ambo niliona watu wachache kivulini, na kati yao mtu mwembamba mwenye shuka ya bluu. Alikuwa yeye, ninajua anavyosimama, mguu mmoja mbele, kama anayesubiri kuambiwa aondoke.

Kiongozi alisema tutakwenda katikati kwa makundi, watu wa mjini kwanza. Akaondoka nao. Sisi wa Nakivale tukabaki karibu na kizuizi, mbele ya askari aliyekaa mezani, na hapo ndipo tulipoharibu mambo. Hakuna aliyetuamuru. Tuliona askari, kamba na meza, miili yetu ikajipanga yenyewe: wazee mbele, mifuko imekunjwa kwapani, karatasi kifuani, kimya. Ndivyo tunavyosimama siku ya mgao wa chakula. Hata jirani yangu, alipokwenda kujisaidia, aliacha jiwe mahali pake kama tunavyoacha bombani, ili zamu yake isichukuliwe. Mimi desturi hiyo nilifundishwa na mama, katika kambi yetu ya kwanza. Weka jiwe, aliniambia, ukirudi zamu bado ni yako.

Ng'ambo wakaona foleni ya wakimbizi imewaelekea. Wakadhani tunafukuzwa Uganda tuvukie kwao. Afisa mmoja alitoka mbio, mwingine akafunga geti, redio zikaanza kukoroma pande zote mbili. Kiongozi wetu akarudi jasho linamtiririka.

"Banyabo, akina mama, nani aliambia nyinyi mupange laini?" aliuliza. "Hii ni kutembea tu."

Ziara ikakatizwa hapohapo, tukaamriwa kuingia ndani ya basi. Nilimwomba yule askari wa mezani, kwa heshima zote, aniache nifike katikati tu kisha nirudi. Hakuwa mtu mbaya. Alitikisa kichwa, akanionyesha mlango wa basi. Kitenge kilikuwa bado ndani ya mfuko, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jirani yangu ndiye aliyewahi kiti cha dirishani.

"Angalia mama yako," aliniambia. "Anapanga mulongo, yeye moja."

Kweli. Wenzake walikuwa wameshafukuzwa. Mama alikuwa ametoka kivulini na kusimama mbele ya geti lililofungwa, ametuelekea, mfuko kwapani, mkono kifuani kana kwamba ana karatasi. Hata kwa jicho la ukungu alitambua foleni yetu, naye akapanga yake. Nilijifunga kitenge upesi, nikabandika kichwa kwenye kioo, lakini kioo kilijaa vumbi na basi lilikuwa linageuka. Askari wa upande wake alimshika mkono polepole ili amwondoe. Mama akamwambia kitu. Akainama, akapapasa chini kwa vidole, akaokota jiwe, akaliweka pale alipokuwa amesimama. Halafu akakubali kuongozwa.

Akina mama wa Mbarara waliuliza yule bibi anafanya nini. Mimi nilikuwa bado nimebandika kichwa kwenye kioo. Jirani yangu akawajibu kwa niaba yangu.

"Anachunga fasi yake," alisema. "Atarudia pale."

Tulipita Kaberebere tukirudi, kitenge kikiwa bado kichwani mwangu.