Gauni la Mama Yayyo

Ukimwita Kadiga Msomali, siku hiyo chai yake utainywa bila sukari. Ukimwita Mhabeshi, hutainywa kabisa. "Mimi ni Mwafar," atakwambia. "Lugha zetu ni ndugu, lakini nina jina langu." Ana meza ya chai na sambusa hapa Yeoville, huku kusini mwa Afrika, kando ya kibanda changu cha ushonaji, na mimi Clémentine, mtu wa Bukavu, nimemzoea na ukali wake wote.

Wafar wana desturi yao inaitwa dagu. Wawili wakikutana, hata kama hawajuani, husimama kwanza wapeane habari: umetoka wapi, umeona nini, nani kazaliwa, nani kafa. Kudanganya hapo ni mwiko, na anayedanganya hapewi tena habari. Nimewaona wakiacha wateja wamesimama ili wamalizane.

Kadiga alikuwa na mdogo wake, Gaas, aliyekuwa anamfuata huku akafia njiani. Bakiri, aliyesafiri naye akanusurika, alimweleza yote: mtu aliyewaongoza, Yayyo, aliwatelekeza porini huko Msumbiji akaondoka na gari na madumu yote ya maji. Gaas alikufa kwa kiu. "Kwetu kuna joto la kuunguza nyayo," Kadiga aliniambia, "na maji hatumnyimi mtu. Hata adui." Tangu hapo alimsubiri Yayyo, na mimi nikamsaidia kumchukia.

Mwaka jana akatokea, meno nje, ananukia manukato. Hakujua Kadiga ni dada wa nani. Akaketi, wakapeana dagu, na Kadiga akamuuliza habari za Gaas kana kwamba ni mtu baki tu. Yayyo akasema kijana alikufa kwa homa, na kwamba yeye mwenyewe alimwosha na kumzika. Kadiga alinitafsiria baadaye. Nilimwambia nina mkasi mkubwa wa kukatia jinzi.

"Weka mkasi wako," alisema.

Akawapa Wafar wa mjini habari moja tu: Yayyo kadanganya kwenye dagu. Ikaenda mtaa wa Berea, ikafika mpaka kwao Asaita. Wenzake wakaendelea kumsalimia na kumuuzia vitu, ila habari hawakumpa tena. Naye, kwa kuwakimbia aliowatapeli, hubadilisha namba ya simu kila mara. Watu wa nyumbani hawampati ila kwa midomo ya wenzake.

Juzijuzi akaniletea kitambaa cha kijani nimshonee mama yake gauni, eti kuna mtu anasafiri. "Mabegani usikaze, Mama. Amenenepa kidogo." Nikamwonea huruma, ikaniudhi.

Gauni likiwa bado kwenye cherehani, Kadiga akapata dagu: mama Yayyo amefariki, wameshamzika.

Yayyo alikuja kulichukua akipiga mluzi. Kadiga akamsemesha kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Nieleze tena Gaas alivyokufa."

"Si nilikuambia? Homa. Nilimzika kwa mikono yangu."

"Hakuomba maji?"

Yayyo akaangalia barabarani. "Alikunywa mpaka akashiba."

Kadiga akalikunja gauni, akalifunga vizuri kwenye karatasi, akampa.

"Nyumbani hawajambo?" Yayyo akauliza.

Kadiga akageukia sufuria yake ya chai.

Yayyo alipoondoka nilimshika Kadiga mkono. "Dada Kadiga, ile ni mama yake. Hautamuambia?"

"Angenipa habari ya kweli ya Gaas, ningempa ya mama yake," alisema. "Umemsikia mwenyewe."

Nilimwona Yayyo amesimama kwenye robot, taa za barabarani, akisubiri kuvuka, amelishika lile furushi kwa mikono miwili lisijikunje. Ningeweza kumkimbilia. Nikachukua suruali ya mteja mwingine, nikaendelea kushona.