Ufa Uliosiribwa

Kama kuna mtu aliyezaliwa kusiriba kuta, basi ni Marsela. Wanawake wengine wa kijiji kile, nusu saa ya pikipiki kutoka Majimoto, walisiriba kwa sababu nyumba zao zilitaka kusiribwa. Yeye alisiriba kwa sababu alipenda. Akishapita yeye, ukuta wa udongo ulilainika mpaka wageni wakaugusa kwa vidole kuhakikisha kama si saruji. Harusi haikufanyika nyumbani kwa mtu, wala askofu hakuja kutoa kipaimara, bila Mama Agatha, kama walivyomwita, kuitwa kwanza na ndoo yake. Na alikuwa na maringo, tusimfiche. Akipita mbele ya nyumba iliyosiribwa na mtu mwingine alipunguza mwendo, akatazama, akaguna, akaendelea na safari yake. Mguno ule uliwahi kugombanisha ndugu.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote haikuwa yake. Ilikuwa nyumba ya wazazi ya masista, ile ndefu yenye vigae vyekundu nyuma ya kanisa, iliyojengwa kwa matofali mabichi kabla mama yake hajaolewa. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vyote vya jirani walijifungulia pale. Marsela mwenyewe alizaliwa chumba cha pili kutoka mlangoni, na humo humo akawazaa watoto wake sita, wa kwanza Agatha, wa mwisho kitoto ambacho hakikulia. Serikali ilipojenga zahanati mpya kule barabarani, masista wakaondoka, nyumba ikabaki tupu. Sista wa mwisho alimkabidhi Marsela funguo, akamwomba asiiache ianguke. Hakumwambia kingine. Tangu siku hiyo, kila mwaka baada ya mavuno, Marsela aliisiriba ndani na nje bila kulipwa na bila kuombwa. Mumewe Ignasi, enzi za uhai wake, alimtania kwamba ameolewa na waume wawili, na yule wa vigae ndiye anayependwa.

Lakini nyumba nayo huzeeka. Ufa ulianzia chini ya dirisha la chumba cha pili, mwembamba kama uzi. Ndani ya miaka mitano ulipanda mpaka kwenye boriti, ukapanuka kiasi cha kupitisha kiganja cha mkono. Maji ya mvua yalikuwa yanachimba msingi upande ule. Marsela alijua kabisa kwamba udongo wake hauwezi kuponya ufa wa namna ile. Ilitakiwa msingi ufukuliwe na mawe yapangwe upya, huku paa likishikiliwa na nguzo. Hiyo ilikuwa kazi ya mafundi na fedha, na kijiji hakikuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, Leonidas, aliposimama baada ya misa akatangaza kwamba halmashauri imetenga ruzuku ya kukarabati majengo ya kale, kwamba ameshapeleka maombi, na kwamba nyumba ya wazazi ni mojawapo ya majengo matatu yatakayokaguliwa ingawa ni moja tu litakalopata, Marsela alikaa kwenye ngazi za kanisa akalia kwa furaha mbele ya watu, bila hata kujifuta.

"Wataalamu wanakuja Alhamisi," Leonidas alimalizia. "Naomba tujiandae, nyie wote. Tusije tukaaibika."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu mambo, ingawa maskini Leonidas alikuwa anafikiria wali na kuku tu. Marsela alilisikia kwa namna yake. Jumatatu asubuhi alikuwa tayari kwenye kichuguu na jembe lake. Alichimba udongo, akauchanganya na samadi na majivu, akaukanyaga mpaka ukaiva, kisha akateremka bondeni kutafuta udongo mweupe wa kumalizia. Regina, dada wa marehemu Ignasi, alimkuta chumba cha pili akishindilia magunia yaliyochanwa ndani ya ufa.

"Wifi, unafanya nini?"

"Si unaona? Najaza."

"Lakini hawa watu si wanakuja kuangalia ubovu? Ukiuziba, hela ya kukarabati watatupa ya nini sasa?"

Marsela hakugeuka. "Wewe mgeni akija kwako unamwachia kitanda hakijatandikwa ili akuonee huruma?"

"Hao sio wageni, wifi. Hao ni wakaguzi."

"Watakula?"

"Watakula."

"Basi ni wageni."

Regina alicheka, akajifunga khanga vizuri na kuanza kusaidia. Na tuseme ukweli, hakuna mwanamke kijijini pale ambaye angefanya vingine. Hao ni watu wanaofagia uwanja hata kwa ajili ya mgawa vyandarua. Tena Marsela alikuwa amewaza: wataalamu wakiona nyumba imetelekezwa, watasema hawa hata wakipewa wataichezea fedha, wakiiona imetunzwa, watasema hapa pana wenyewe. Ni wazo zuri tu, ukilitazama. Ila kwa shughuli ya siku ile halikufaa kabisa.

Alhamisi nyumba ilikuwa inang'aa. Gari la halmashauri lilifika saa nne, wakashuka wawili: mhandisi aliyekuwa akitazama saa yake kila dakika, na afisa utamaduni, kijana mrefu wa Kisukuma aitwaye Hezron Mwandu, mwenye adabu ya kumfanya hata mtu mzima ajione amekosea kukaa. Aliwaamkia watu wote mmoja mmoja. Wanawake wa jumuiya walijaa mlangoni na madirishani.

Walipofika chumba cha pili, Leonidas akamshika Marsela bega na kumsogeza mbele. "Huyu ndiye Mama Agatha, mama yetu. Miaka thelathini nyumba hii iko mikononi mwake. Kila mnachokiona hapa ni kazi yake."

Watu wakapiga makofi. Mhandisi alisema ni kazi nzuri, akatoka nje kupokea simu. Hezron alibaki. Alitazama simu yake, akautazama ukuta chini ya dirisha, akaitazama simu tena. Kisha akakunja kidole na kuugonga ukuta mara tatu, polepole. Ulitoa sauti iliyofifia, ya kitu kisicho kigumu ndani.

"Mama," aliuliza, "hapa hapana ufa?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi mno. Upo, baba, nimeuziba juzi, ngoja nikuonyeshe. Leonidas aliyejua vizuri habari za ufa ule alitazama viatu vyake, kwa sababu nyumba ilikuwa ya Mama Agatha na neno lilikuwa lake. Marsela alihisi macho ya wanawake mgongoni. Makofi yalikuwa hayajapoa. Kusema upo ilikuwa ni kusema kwamba mkono wanaousifu umeshindwa, na aliyekuwa anaulizia jambo hilo ni kijana wa kumzaa, mbele ya wanawake wenzake.

"Ufa gani, baba?" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mimi nimezaliwa kwenye chumba hiki. Ukuta huu hauna tatizo."

Vigelegele vikapigwa. Hezron alimtazama kidogo, akainamisha macho, akaandika kwenye karatasi zake. Baadaye wakala wali na kuku, na mhandisi akaongeza mara mbili.

Barua ilikuja mwezi wa tisa, ikabandikwa ofisini kwa mtendaji. Ilisema nyumba ya wazazi ipo katika hali nzuri na haihitaji ukarabati wa haraka, hivyo isubiri awamu nyingine. Ruzuku ilikwenda kwa ghala la zamani la kata jirani. Wenyewe walikuwa wanalaza mbuzi ndani yake na hawakusumbuka hata kuwafukuza siku ya ukaguzi. Kila ufa ulikuwa unaonekana kutoka barabarani. Watu wakakasirika. Wakasema yule kijana amepewa chochote na wenye ghala. Marsela alisikiliza hayo kisimani, akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Ukuta ulianguka mwezi wa pili, Jumapili mchana, wakati kwaya inaimba. Walisikia mshindo wakatoka mbio, na walipofika paa la upande ule nalo likateremka. Vigae vilimwagika mpaka kwenye makaburi ya masista. Ndani hapakuwa na mtu, tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Marsela alifika wa mwisho. Kipande kikubwa cha ukuta kilikuwa kimesimama kwa ubavu, na pale kilipovunjika zilionekana siriba zake zote za miaka thelathini, moja juu ya nyingine. Aliweza kuzisoma. Ule mstari wa kijivu ulikuwa mwaka aliofiwa na Ignasi, alipokosa nguvu ya kushuka bondeni akatumia majivu matupu. Juu yake nyeupe, nyeupe, njano kidogo, nyeupe. Na katikati ya vifusi vilining'inia vipande vya magunia. Regina alivichomoa haraka kabla watu hawajakaribia, akavificha chini ya khanga yake. Hakumwambia wifi yake neno. Ingekuwa afadhali angemwambia.

Kwenye mkutano wa kijiji Leonidas alisoma barua ya malalamiko: kwamba afisa utamaduni hakukagua jengo, alikula kuku akaondoka, na kwa uzembe wake kijiji kimepoteza urithi. Watu wakaipitisha kwa kelele. Labda Leonidas aliamini anachosoma. Mtu akikasirika huamini mengi. Wakasema wa kwanza kusaini awe Mama Agatha, mwenye uchungu kuliko wote. Karatasi ikaletwa mpaka alipoketi. Alikuwa na nafasi ya pili ya kusema ukweli, watu wote wakimsubiri yeye. Akachukua kalamu akasaini.

Barua ile ilifanya kazi upesi kuliko maombi yote ambayo kijiji kiliwahi kuandika. Hezron aliondolewa kwenye kazi yake, akahamishiwa Mpanda kupanga mafaili masjala. Halmashauri nayo ikajibu kuhusu nyumba: ruzuku ni ya kukarabati, si ya kujenga upya, na jengo lililokwisha kuanguka haliwezi kuombewa.

Mwaka ule, baada ya mavuno, Marsela hakusiriba chochote, hata jiko lake. Ndoo alimpa Regina. Alikwenda kuungama, na padri alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia dhambi Mungu ameshaisamehe, ila kuna mtu wa kumwendea. Alikuwa anajua hilo bila kuambiwa.

Alipanda basi la Mpanda na kilo kumi za mchele miguuni. Walipokuwa wanakatiza hifadhini mbung'o waliingia madirishani, abiria wakawa wanapigana nao kwa kofia na magazeti. Marsela aliwaacha wakamuuma shingoni na mikononi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno.

Nyumba aliyopanga Hezron ilikuwa mtaa wa Nsemulwa, vyumba viwili na kibaraza. Mkewe Dorice alimpokea kwa shikamoo, akampa kiti na maji, akidhani ni ndugu wa mumewe ambaye hajawahi kumwona. Hezron alitoka chumbani, akasimama mlangoni. Alimtambua mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za Majimoto?"

Maneno yote aliyoyapanga kwenye basi yakapotea. Alisema tu kama yalivyokuja. "Ufa ulikuwepo, baba. Niliuziba mwenyewe kwa mikono hii. Ukaniuliza nikakudanganya. Na barua ile nimeisaini mimi wa kwanza. Nimekuja ili nirudi nikawaambie wote, waandike nyingine ya kukusafisha."

Hezron alivuta kigoda akakaa chini kidogo ya kiti cha Marsela.

"Mama, mimi ufa ule niliuona."

"Uliuonaje? Nilikuwa nimeuziba."

"Mwenyekiti alituma picha kwenye maombi. Nilikuwa nayo kwenye simu siku ile ile, nimeshika mkononi. Nikagonga, nikasikia ndani kuna kitu kimeshindiliwa. Nikakuuliza ili useme wewe mwenyewe, niandike."

"Kama uliuona, mbona hukuandika?"

"Niandike nini, mama? Watu wako wote wamejaa pale, wanakupigia makofi. Nikusimamishe niseme mama huyu anadanganya? Mimi nimelelewa na bibi. Nilishindwa." Alikuwa anasugua viganja vyake, hamtazami. "Nikajiambia labda wana sababu yao. Nikaandika ulivyosema."

"Na walipokuita kukuhoji?"

"Waliniuliza kama niliona ufa. Nikasema sikuona."

Dorice alikuwa amesimama na sinia la ugali, hajui aingie au arudi jikoni. Marsela aliitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyosifiwa kwao kote, Mpimbwe nzima. Kijana alikuwa anamtunzia heshima yake mpaka leo, yeye na mkewe, kwenye vyumba hivi viwili, na chumba cha pili kutoka mlangoni kilikuwa vifusi vinavyoota majani.

"Ungeniaibisha, mwanangu," alisema, na machozi yakaanza kumshuka. "Ungeniaibisha tu siku ile. Aibu ningeizoea."