Sare ya Kulalia

"Shoga, nisamehe kwa kuuliza, lakini hivi huyo mwanao hulala na sare ya shule?"

Jirani alimuuliza Mama Shuka hivyo siku moja wakiwa wamesimama kwenye foleni ya bomba la uani, ndoo miguuni. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba ana unga shavuni. Mama Shuka akacheka kidogo, akasema, "Hapana, ni pasi yangu tu imeharibika." Akajuta papo hapo. Alikuwa mtu wa kumcha Mungu, hakupenda uwongo, na huu ulikuwa wa kijinga zaidi ya wote. Mtaa mzima ulijua kwamba kazi yake ni kupiga pasi.

Ndiyo, mtoto alikuwa analala na sare. Ilikuwa wiki ya pili sasa.

Mama Shuka alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na jina hilo alilipatia huko. Mashuka ya wodi zote yalipita mikononi mwake. Sasa shuka la hospitali, kwa asiyejua, halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, wakalivuta mpaka likanyooka, wakasogeleana, wakapeana pembe, wakarudi nyuma, wakasogeleana tena. Miaka sita alikuwa akifanya hivyo na mwanamke mtu mzima ambaye mle ndani kila mtu alimwita Shangazi. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani wanasalimiana kutwa nzima.

Kazi ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Geti la shule lilifunguliwa saa moja. Hiyo nusu saa ndiyo iliyokuwa ikimla.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, miaka sita, darasa la kwanza, na mama yake alimwita Konokono. Hakuna jambo alilolifanya kwa haraka isipokuwa kusinzia. Soksi moja tu ilitosha kumaliza robo saa, maana kabla ya kuivaa ilibidi achungulie ndani, aulize mguu wa kulia ni upi, kisha akumbuke ndoto aliyoota na aisimulie toka mwanzo. Baba yake alikuwa kwenye kazi za barabara mbali sana, akirudi mara mbili kwa mwaka na kukuta mtoto amerefuka na mkewe amepungua. Jirani yule wa bombani alikuwa mwema, mchana alimpitia Konokono shuleni pamoja na wa kwake, lakini asubuhi aliondoka na giza kwenda sokoni kuuza mboga. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa ya Mama Shuka na Mungu wake.

Alimwamsha mtoto saa kumi na moja. Akamkokota mpaka shuleni kabla ya geti kufunguliwa, akamwacha kwa mlinzi, halafu akakaza mwendo kwenda hospitali. Mlinzi hakufurahi.

"Mama, mimi nimeajiriwa kulinda geti," alimwambia siku ya kwanza. "Watoto hawamo kwenye karatasi yangu."

"Najua, kaka yangu. Ni nusu saa tu."

"Nusu saa ya leo. Na ya kesho ni ya nani?"

Hata hivyo alimpa Konokono kiti chake, yeye akasimama.

Pamoja na mbio zote hizo, Mama Shuka alifika kazini amechelewa dakika kumi, siku nyingine robo saa. Shangazi alimfichia. Alianza na foronya, maana foronya haihitaji mtu wa pili. Msimamizi alipopita baadaye aliwakuta wako wawili, na hakuuliza wamekuwa wawili tangu lini. Mambo yalikwenda hivyo mpaka wodi zilipoanza kulalamika kwamba mashuka yanachelewa, Msimamizi akaamua kusimama mlangoni na daftari la mahudhurio. Ndani ya wiki moja Mama Shuka aliandikwa mara mbili.

"Ukiandikwa mara ya tatu nakuhamishia zamu ya usiku," Msimamizi alimwambia. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma tangazo.

Zamu ya usiku. Mama Shuka alirudi nyumbani siku ile akilitafuna neno hilo kama mfupa. Mtoto angelala na nani? Jirani alikuwa na chumba kimoja na roho sita ndani. Kumfungia peke yake, komeo lenyewe hata halifikii? Watu husema mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli, lakini waliosema hawakuacha maagizo ni lipi liachwe liponyoke.

Hapo ndipo wazo la sare lilipomjia. Kama mtoto ataogeshwa jioni na kuvishwa kila kitu, soksi pia, asubuhi kutabaki kunawa uso, chai na mkate, viatu. Alipiga hesabu, akaona ataokoa dakika kumi na mbili.

"Lala chali, mwanangu, usijigeuzegeuze," alimwambia usiku wa kwanza.

"Nikiota naanguka je?"

"Ota umesimama wima."

Na kweli, wiki mbili hakuchelewa. Sare ilikunjamana kama jani la kabichi, mwalimu akamtazama mtoto mara mbilimbili, jirani akauliza alichouliza, lakini daftari lilibaki vilevile. Mama Shuka alimshukuru Mungu, ingawa sala zake sasa zilikuwa za njiani, anasali huku anahema. Zamani alimwomba subira. Siku hizi alimwomba dakika. Jioni alikaa kitandani kuvua viatu, akazinduka bado ameshika kamba ya kiatu, hajui amekaa muda gani. Shangazi alimwambia, "Wewe siku hizi unasogea na shuka kama ndilo linalokuvuta." Akajibu, "Ndilo linalonivuta, Shangazi. Ukiliachia naanguka."

Kisha ikaja asubuhi ambayo alipeleka mkono kumwamsha mtoto na mkono ukakutana na maji.

Alipapasa swichi gizani. Akawasha taa. Gauni, shati, soksi, vyote vimelowa. Sare ya pili aliifua jana jioni, na mvua ilinyesha usiku kucha, bado ilikuwa inadondoka kwenye kamba barazani.

"Mama," Konokono akasema, macho hayajafunguka vizuri, "niliota niko chooni. Choo chenyewe kilikuwa kizuri."

Mama Shuka hakumgombeza. Hata kukasirika kunataka nguvu. Alimvua, akamwosha, akamvisha kigauni cha nyumbani. Kumpeleka shule bila sare ni kumrudisha, mwalimu mkuu alishatangaza. Kumwacha nyumbani peke yake hakuwezekani. Akajikaza kisabuni. Alisuuza sare iliyolowa, akaikamua mpaka vidole vikamuuma, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akamshika mtoto mkono, wakaenda moja kwa moja hospitali. Kule kulikuwa na pasi kubwa ya mashine, ndefu kama kitanda, inayomeza shuka bichi upande huu na kulitoa kavu upande wa pili. Ingeshindwaje na sare ya mtoto?

Kwa kuwa hakupitia shuleni, siku hiyo alifika mapema, hata Msimamizi hajasimama mlangoni. Shangazi alimwona mtoto, akautazama mfuko, akaelewa.

"Kikojozi ametutembelea," akasema.

"Mimi sio kikojozi," Konokono akasema. "Ni ndoto."

"Haya, bibi Ndoto. Kaa hapo juu ya mablanketi, usiguse chochote kinachotoa moshi."

Sare ikapita kwenye mashine mara mbili, ikatoka kavu, imenyooka kuliko siku yoyote tangu inunuliwe. Mama Shuka akamvisha mtoto. Alikuwa amepanga amalize rundo la wodi ya wazazi, kisha amkimbize shuleni na kurudi, Shangazi aanze na foronya kama zamani. Lakini joto la chumba kile ni la kulaza hata mtu mzima. Alipogeuka, Konokono alikuwa amelala fofofo juu ya mablanketi, chali, mikono ubavuni, hajajigeuza hata kidogo, kama alivyofundishwa.

Alimsogelea, akamtazama. Mtoto wa miaka sita analala kama mlinzi kwenye lindo ili mama yake asiandikwe. Akarudi kwenye shuka, akashika pembe zake.

Na hapo Msimamizi akaingia na daftari kwapani.

"Wodi ya watoto iko ghorofa ya pili," akasema. "Huyu amepotea, au amelazwa huku?"

"Ni mfanyakazi mpya," Shangazi akajibu bila kuachia pembe. "Ameanza na kusinzia, kama wakubwa wengine tunaowafahamu baada ya chakula cha mchana."

Msimamizi akajifanya hakusikia. Akamgeukia Mama Shuka. "Sheria unaijua. Mtoto haingii humu. Kuna mvuke, kuna nguo zenye damu za watu."

"Najua, bosi."

"Na sasa utatoka muda wa kazi umpeleke shule."

"Ndiyo, bosi."

"Basi hii ni ya tatu." Akafungua daftari, akatafuta kalamu mfuko wa shati, kisha mfuko wa suruali.

Mama Shuka alikuwa na maneno kichwani. Alikuwa nayo siku zote: mvua, saa kusimama, mtoto kuamka na homa. Asubuhi hii alitafuta hata moja, asilipate la kulinyanyua. Uchovu ulikuwa umemnyang'anya hata nguvu za kudanganya. Miaka sita pale ndani hakuwahi kuomba kitu. Mama yake alimlea akimwambia mwenye kazi haombi, hushukuru, naye alishukuru na kukimbia, akashukuru na kukimbia, akiamini kwamba akifungua mdomo tu watakumbuka kwamba yupo na watampunguza. Alimtazama tena Konokono. Kama kalamu ile itaandika, kuanzia wiki ijayo mtoto huyu atalala peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje.

Akamsogelea Shangazi na shuka, akampa pembe zake mbili. Shangazi akazipokea na kubaki ameshika zote nne kifuani. Mama Shuka akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama mbele ya Msimamizi ambaye kalamu sasa alikuwa ameiona.

"Bosi, usiniandike kwanza. Usiku siwezi, sina wa kumwachia mtoto. Naomba niwe naingia saa moja na nusu badala ya kumi na mbili na nusu, na jioni nibaki saa nzima wenzangu wakiondoka, mpaka shule zifungwe. Na leo naomba ruhusa nimpeleke, kengele yao bado haijalia."