Neno Alilosema Stojna Kwenye Arobaini ya Mama Yake

Una dada? Na je, ungeweza kumtoa kwenye nyumba aliyomuuguzia mama yenu, kisha ukawaambia watu kwamba ameondoka kwa hiari yake?

Gavrilo wa kijiji cha mlimani cha Vrbova Glava alidhani anaweza. Hakupandisha sauti, hakumgusa mtu. Alitumia adabu tu, na adabu mikononi mwa mtu asiye na haya inakata kuliko shoka.

Dada yake, Stojna, alizaliwa katika nyumba ile ya mawe na hakuwahi kulala kwingine zaidi ya wiki. Alipokuwa msichana aliposwa na fundi wa reli kutoka Bijelo Polje, mwanamume mpole mwenye masikio makubwa. Mwaka huohuo baba akafa. Mama yao, Jevrosima, akabaki mjane na shamba la mteremko, ng'ombe, na Gavrilo aliyekuwa bado anasoma. Fundi wa reli alingoja majira mawili ya baridi, akaoa kwingine. Msitu wa baba ukauzwa ili Gavrilo asome mjini Podgorica, halafu ukauzwa na uwanda wa chini ili apate mahali pa kukaa huko. Stojna ndiye aliyewapeleka wanunuzi kuona mipaka. Hakuona ubaya. Kaka akisimama, nyumba nzima imesimama; ndivyo alivyolelewa.

Jevrosima alipougua miguu, Stojna alimgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Gavrilo alikuja kila sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, akala, akapiga picha.

Miezi michache kabla ya kufa, mama aliomba kalamu. Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka kama njia ya mbuzi, akatia jina lake chini. Saa ya baba na bunduki ya baba ni za Gavrilo. Zulia jekundu na sanduku la harusi achukue mkwe wake Slavojka, mke wa Gavrilo, kwa kuwa amelisifu zulia hilo kila alipokuja. Nyumba, konde lililo juu ya kisima na ng'ombe Rumena ni vya Stojna. Mwishoni aliongeza: "Gavrilo, wewe ulikula chako nikiwa hai. Usimsumbue dada yako."

Karatasi haikufichwa. Gavrilo aliisoma siku ya mazishi, akaikunja vizuri, akamrudishia Stojna. "Mama alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu," akasema, na watu wakacheka huku wanafuta machozi.

Sasa, katika milima ile mwanamke mwenye kaka hadai urithi. Sheria inampa, midomo ya watu inamnyima. Anayechukua fungu lake huambiwa amemuuza kaka yake. Basi pana njia ya kupita bila mtu kuaibika. Dada husimama mbele ya ukoo na kusema hataki kitu, na kaka humkatalia. Yeye hutoa, kaka humrudishia, kila mmoja anaondoka na heshima yake. Stojna aliwahi kuiona ikifanyika. Shangazi yake alisema hataki kitu, na baba akajibu mezani, glasi mkononi, "Mungu anikate mkono huu nikigusa kilicho chako." Shangazi alilima konde lake mpaka akazikwa.

Ndiyo maana Stojna hakuwa na wasiwasi siku ya arobaini ya mama. Walirudi kutoka makaburini, padri akabariki ngano iliyochemshwa, wakaketi kwenye meza ndefu. Nyama ya kondoo ilikuwa laini, jibini lilisifiwa, pombe ya plamu ikazunguka. Gavrilo na Slavojka walikaa kwenye kichwa cha meza. Karibu nao alikaa mzee Tomaš, mdogo wa baba yao, aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa.

"Stojna, mwanangu," akasema mzee Tomaš, akijisafisha koo. "Watu wamekula, wamekunywa. Una neno?"

Stojna alijifuta mikono kwenye aproni, akasimama.

"Nina kaka," akasema. "Mwenye kaka hana haja ya nyumba. Yote ni ya Gavrilo."

Gavrilo akainuka. Akaushika mkono wa dada yake kwa mikono yake miwili, akaubusu mbele ya wote.

"Mungu akulipe, dada. Nilijua hutaniaibisha."

Stojna alingoja. Aliusikiliza uso wa kaka yake kama mtu anayesikiliza mlango, akisubiri maneno yaliyobaki. Gavrilo alikwisha kaa, anajimiminia. Mtu mmoja akasema, "Huyo ndiye dada!" Glasi zikagongana. Vidosava, jirani wa chini ya njia, alimpigapiga mgongoni: "Umefanya vyema, mwenzangu. Mama yako analala kwa amani." Na Stojna, kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi, alikusanya sahani.

Jikoni, Slavojka alikuwa analikunja zulia jekundu.

"Wifi, usiwe na wasiwasi kabisa. Kwetu kuna kochi linalokunjuka. Watu wamelala hapo, hawajafa."

"Na Rumena?"

"Ng'ombe mjini, wifi? Utampandisha kwenye lifti?" Slavojka akacheka mpaka akakohoa.

Stojna alitoka akamkuta mzee Tomaš anatafuta kofia yake.

"Amu, mbona ulinyamaza?"

"Sikuulizwa mimi."

"Ulikuwepo siku baba alipomjibu shangazi. Ulikaa palepale ulipokaa leo."

"Baba yako alikuwa mtu wa zamani zile."

"Ulijua hatanirudishia?"

Mzee aliivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Alinipigia simu. Akaniomba nikupe nafasi ya kusema. Nikakupa nafasi, mwanangu. Kosa langu liko wapi?"

Basi walikuwa wamekubaliana. Walijua atasema nini kama mchungaji anavyojua kondoo atapita mlango gani, wakakaa mlangoni na kamba. Heshima ile aliyofundishwa tangu utotoni, wote walikuwa wakiila, na mlipaji alikuwa yeye peke yake. Heshima gani hiyo?

Kesho yake asubuhi Stojna alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa alipomkuta mgeni uani, kijana mwenye koti la ngozi, aliyekuja na gari kutoka pwani. Gavrilo alikuwa anamwonyesha kwa kidole.

"Ukibomoa zizi, unapata nyumba tatu za mbao za watalii. Kisima hakikauki."

Kijana alimwona Stojna, akainamisha kichwa. "Habari ya asubuhi, mama." Kisha akamgeukia Gavrilo. "Huyu nani?"

"Anatunza nyumba," Gavrilo akasema. "Theluji haitamkuta hapa."

Stojna aliiweka ndoo chini. Angeambiwa ni kichaa, au mzigo, asingeumia hivyo. Alikuwa kweli ameitunza nyumba, na kazi ile ya maisha yake yote ndiyo iliyotumiwa kumfuta udada wake.

"Unaitwa nani, mwanangu?" akamwuliza kijana.

"Boško."

"Boško, mgeni hasimamishwi uani. Ingia, kahawa iko jikoni. Lakini nyumba haiuzwi. Mama ameniachia mimi kwa mkono wake, na Alhamisi nakwenda ofisi ya mirathi kusema nimepokea."

"Dada," Gavrilo akasema taratibu, "ulishatamka mbele ya watu."

"Nilitamka. Na wewe ulijua jibu lake."

"Mlima mzima utasema umemvua nguo kaka yako."

"Utasema. Nitakuwa hapa nikisikia."

Boško alitazama viatu vyake. "Gavrilo, hukuniambia una dada," akasema. Aliingia jikoni kwa kuwa alikuwa amealikwa, akainywa kahawa akiwa amesimama, akashukuru, akaondoka. Gavrilo hakumiminiwa. Alisubiri kidogo mlangoni kama mtu anayedhani wamemsahau, kisha akamwita mkewe. Walibeba saa, bunduki, sanduku na zulia, wakateremka na gari lao.

Gari lilisimama mbele ya nyumba ya Vidosava. Stojna aliliona akiwa kizingitini. Kioo kilishushwa, Vidosava akainama, akasikiliza, akashika shavu. Gari likaendelea.

Vidosava alikuwa amekunywa kahawa ya asubuhi katika nyumba ile tangu alipoletwa kijijini akiwa bibi harusi. Alipanda njia kama kawaida yake, kisha akasimama nje ya ua, mkono juu ya lango.

"Ingia, Vidosava," Stojna akasema. "Kahawa bado ya moto."

Vidosava alikivuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi.

"Leo sina nafasi," akasema, na akaliachia lango bila kulifungua, akarudi alikotoka.