Tulivyomlilia Mama wa Sista Lusia

Mwanangu, hebu kaa hapo, weka simu chini kidogo. Nimesikia majirani hapa Bugomora wanasema mkeo ana moyo wa jiwe, eti kafiwa na mama yake huko Newala na hata chozi halijamtoka. Nawe nimekuona unanyamaza, kama unakubaliana nao. Basi nisikilize nikusimulie siku moja ya usichana wangu kule Kimuli, siku ambayo haijanitoka kichwani hadi uzee huu.

Wakati huo nilikuwa nafagia na kuchemsha sindano kwenye zahanati ya misheni. Mkubwa wa zahanati alikuwa Sista Lusia, mwanamke mfupi mwenye haraka zake, mzaliwa wa milima ya kaskazini mwa Ufilipino. Kwao wanasema Kikankanaey. Usicheke wewe, sema taratibu: Kankanaey. Sisi tulijua anasema Kiingereza na Kiswahili, basi. Hakuna aliyewahi kumuuliza amelelewa kwa lugha gani. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani kama changu mimi, maana nyumbani kwetu ilikuwa Kinyambo tu. Lakini msiba wa Kimuli ulikuwa haumpiti. Alikuja, akavua viatu, akakaa nasi kwenye nyasi mpaka tunaanua matanga.

Asubuhi moja padre akaja na pikipiki kutoka Nkwenda, akamwita Sista pembeni. Mama yake amefariki, na ameshazikwa. Sista akasema asante, akarudi kupima watoto. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia mzani, nikaona anampima mtoto yule yule mara mbili. Mchana hakula, na jioni hakula.

Nikamkimbilia shangazi yangu Kemilembe, dada yake baba, mwanamke ambaye akianza kusema hata wanaume waliweka pombe yao ya rubisi chini wakasikiliza. Katekista alikuwepo. Yeye akasema mambo ya masista huishia kanisani, tena hapa hakuna maiti wala kaburi, sasa tukae matanga ya nani? Shangazi akamtazama juu mpaka chini.

"Na yeye alipokuja kukaa matanga ya mama yako, mlikuwa ukoo mmoja?"

Katekista akakohoa, akaenda kutafuta kuni.

Kesho yake hakuna aliyeshika jembe. Tukakata nyasi, tukatandika uani kwa Sista, moto ukawashwa, na kina mama wakaja wakilia tangu njiani kama desturi yetu. Sista akatoka nje. Mwanangu, badala ya kulia akaanza kutupokea! Karibuni, karibuni sana, asanteni kwa kuja. Huyu anamtafutia mkeka, yule anampa chai, na aliyelia zaidi anambembeleza yeye. Macho makavu kabisa. Nyuma yangu wakaanza kunong'ona kwamba hawa watu wa mbali hawana uchungu na wazazi wao. Nilichukia, nikasogea mbele karibu na shangazi.

Shangazi yeye hakunong'ona, alisema wazi. "Huyu bado hajaanza kulia msiba wake, anahudumia wageni tu. Tunamlilia mama yake kwa maneno ambayo mama mwenyewe asingeyajua."

Akamshika Sista mkono, akamketisha kwenye nyasi.

"Mama yako ulikuwa unamwitaje?"

"Ina," akasema Sista, kwa sauti ndogo, kama anaona aibu.

"Na angekuwa amelala hapa mbele yetu, ungemwambia nini?"

Sista akavunja unyasi mmoja vidoleni. Kisha akasema, "Maseyep ka, Ina. Lala, Mama."

"Haya, tufundishe."

Weee! Ikawa kazi. Sisi vinywa vyetu havijui neno linalokatika bila irabu, kwa hiyo wote tukasema "maseyepu". Sista akatikisa kichwa. Na ile e yao si hii yetu: midomo haitanuki, ulimi unabaki katikati, sauti inatoka kama mtu aliyetaka kusema e halafu akaghairi. Tukasema masayepu, tukasema masuyepu. Shangazi akatuambia tufumbe midomo mwishoni kama mgeni aliyekaribishwa punje za kahawa za kutafuna, hataki zimdondoke. Sista naye hakutuachia. "Hapana, mama. Tena." Tukacheka wenyewe kwa wenyewe, naye akacheka, na pale msibani hakuna aliyeona vibaya.

Ndipo shangazi akafumba macho, akalisema peke yake taratibu, na midomo ikafunga inavyotakiwa: "Maseyep ka, Ina."

Sista hakusema hapana. Alimwangukia shangazi kifuani akalia, akalia mwanangu, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake miaka yote ile. Akaanza kuongea na mama yake kwa Kikankanaey, mbio mbio, maneno mengi ambayo hatukujua hata moja. Akinyamaza kuvuta pumzi, sisi tunamwitikia kwa lile letu tulilofundishwa. Nililia nami kama niliyemjua huyo mama. Jioni Sista akala ndizi, akaomba aongezewe.

Sasa mkeo. Nimemtazama tangu habari ifike. Anapika, anafua, anawaambia wanaokuja kumpa pole, asanteni, karibuni chai. Umeona? Moyo wake si wa jiwe hata kidogo. Tangu umlete hapa anaishi kwa lugha ya watu, na wewe Kimakonde unajua neno gani? Wadogo zako wakimwiga anavyotamka, unacheka nao. Hilo likome leo, nami nitawaambia wao pia.

Usimwambie alie. Kaa naye chini, muulize mama yake alikuwa anamwitaje. Akikuambia, rudia. Utakosea, ulimi wako ni mzito tangu utoto, nakujua. Mwache akusahihishe mpaka aridhike, na usimwambie kwamba lugha yao ni ngumu. Mimi kesho nitakata nyasi na kuwaita kina mama. Lakini neno la kumlilia mkwe wako, wewe ndiye utakayetufundisha.

Mungu akulainishie ulimi na akupe masikio ya kusikiliza. Aijalie nyumba yako isiwe na mtu anayemeza kilio chake. Haya inuka, yuko jikoni peke yake.