Chujio la Munyemana

Munyemana alikuwa mtu wa kuogopa maji. Mito haikumtisha, wala ziwa. Aliogopa maji ya kikombe. Alikuwa na miaka kumi na minne kule Uvira, Kongo, alikozaliwa na kulelewa, kipindupindu kilipompitia dada yake Laurence. Jumatatu Laurence alikuwa anasuka nywele za jirani huku akicheka. Jumatano alikuwa amekauka kama ganda la ndizi, macho yameingia ndani, na kikombe cha bati bado kiko kando ya mkeka. Kikombe kile Munyemana hakukisahau.

Sasa ana miaka hamsini na mitatu. Alirudi Rwanda zamani, akapata shamba la mpunga kwenye bonde la Bugarama, na kwa miaka tisa amekuwa akibeba pampu ya dawa mgongoni, akipulizia mashamba ya chama cha wakulima. Nyumbani ana mkewe Béata na mjukuu wa miaka mitatu, Gaju, ambaye binti yao Christelle aliwaachia alipopata kazi ya hoteli mjini Kamembe. Gaju alipokuja, hofu ya Uvira ilikuja naye. Béata akichemsha maji, Munyemana alisimama juu ya sufuria mpaka aone mapovu makubwa.

Mvua za Aprili zilipoanza, watu waliovuka mto Ruhwa kutoka Burundi walileta habari kwamba upande wa pili kuna wagonjwa wa kuhara. Siku hiyo hiyo Munyemana alipanda gari kwenda Kamembe kutafuta chujio.

Muuzaji aliitwa Mutoni, mama mnene mwenye miwani, aliyekulia Bukavu, na duka lake lilijaa ndoo mpaka mlangoni.

"Papa, unataka filtre ya kukaa nyumbani ao ya kukimbia nayo?"

"Ya kukimbia nayo wapi?"

"Mvua ikiangusha mlima, si munakimbia na batoto? Hii kubwa hapa, ukikimbia nayo, bantu batasema umeiba kanisani."

Hiyo kubwa ilikuwa na vyungu viwili vilivyopandana, ndani yake mshumaa wa udongo mweupe wa kuchujia, maji yakipita tone kwa tone. Ilikuwa nzuri, lakini mshumaa ukipata ufa mmoja, basi. Nyingine ilikuwa bomba fupi kama mkono wa mtoto, limejaa nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani. Unalifunga kwenye ndoo yoyote na maji yanatoka haraka; jioni unalisafisha kwa kusukuma maji safi kinyumenyume kwa sindano kubwa. Linaingia mfukoni. Munyemana aliligeuza mkononi mara nyingi, kama mtu anayechagua mbuzi.

"Mayi yenu inatoka wapi?" Mutoni aliuliza.

"Kwa robine, bomba ya kijiji."

"Basi iko bien. Hii inakamata bidudu byote bya kuharisha. Lakini..."

"Bidudu ndiyo binaniogopesha, Maman. Nipatie hii."

Alikuwa amekwisha kusikia alichokuja kusikia. Ile "lakini" aliiacha dukani.

Nyumbani alilitunza chujio kuliko baiskeli yake. Kila jioni alilisafisha, akalipangusa, akalitundika juu mbali na moshi. Béata alimtazama akitikisa kichwa.

"Papa Christelle, sema tu umeoa bibi wa pili."

"Huyu hapigi kelele."

"Ngoja azoee."

Juma lililofuata mlima uliporomoka huko juu, ukakata bomba la maji, na mabomba ya kijiji chote yakakauka. Watu walichukua bidoni, madumu yao ya maji, wakaelekea chemchemi, mwendo wa saa nzima kwenda, na foleni ndefu kuliko mwendo. Siku mbili Béata alienda nao. Siku ya tatu, akirudi ameshika kiuno, Munyemana alimwambia neno ambalo baadaye angelitafuna kama mchanga.

"Unavunjika mgongo ya nini? Filtre iko. Teka mayi ya mfereji."

Akachota mwenyewe ndoo moja ya mfereji wa mpunga, maji ya rangi ya chai, akayapitisha. Yalitoka meupe, yanang'aa. Majirani wakaja kuangalia. Béata alijaza kikombe, akaonja kwanza yeye, ndipo akampa jirani, maana huko kwetu hakuna anayempa mtu kinywaji bila kuonja mbele yake. Sumu hutajwa kwa sauti ya chini, na mkono safi hujionyesha hivyo. Jirani akanywa, akapangusa mdomo. "Mayi ya mvua hii!" Kesho yake wanawake wawili wengine walikuwa wanateka kwenye mfereji. Walikuwa na ndoo na kitambaa, chujio hawana, lakini walikuwa wamemwona Munyemana.

Siku ya tano ilikuwa zamu yake ya kupuliza dawa. Alianza alfajiri na mwenzake Straton, na saa mbili asubuhi walikuwa wamemaliza mashamba ya juu. Wakashuka kwenye daraja dogo, wakaosha pampu zao mferejini mara tatu, kama wapuliza dawa wote wanavyofanya, kama Munyemana alivyofanya kwa miaka tisa. Povu jeupe kama maziwa likaondoka na maji. Wakakaa kivulini, wakala viazi vitamu, wakasema habari za bei ya mpunga.

Saa tatu na nusu walikuwa wakirudi kwa kufuata mfereji. Penye kona Straton alicheka.

"Ona! Samaki ya bure leo."

Samaki wadogo walikuwa wanaelea, matumbo juu, wakizunguka polepole kwenye majani. Munyemana alikuwa amewaona samaki kama hao mara mia. Siku ya dawa hufa, na kesho mfereji huwa kama kawaida. Alikuwa anapita. Kisha macho yake yakashuka kwenye jiwe la kutekea. Kwenye tope laini palikuwa na alama mbichi ya kitako cha bidoni, na kutoka hapo matone ya maji yamefuatana njiani kuelekea nyumbani kwake.

Béata alikuwa amekwisha kuteka. Munyemana alikimbia, pampu tupu ikimpiga mgongoni, huku akimpigia kelele mwenzake nyuma, "Straton, zuia bamama! Pita kote, zuia bamama basiteke!"

Gaju alikuwa amekaa kizingitini, mikono imenyooshwa. Béata alikuwa amesimama mbele yake na kikombe. Ndani ya kikombe maji yalikuwa meupe, mazuri, kama machozi. Munyemana alikipiga kile kikombe kikaruka mpaka ukutani.

"Uko mwendawazimu?" Béata alipiga kelele. Gaju akaanza kulia.

"Amekunywa? Mtoto amekunywa?"

"Bado! Ilikuwa yake hii. Nimeanza mimi."

"Umeonja, ao umekunywa?"

Béata alimtazama, akatazama kikombe. Alikuwa ametoka kulima, kiu imemshika. Alikuwa amekunywa vikombe viwili.

Munyemana alitaka kumkumbatia Gaju, apanguse midomo yake aone kama imelowa. Lakini mikono yake ilinuka dawa mpaka kwenye viwiko, akairudisha nyuma, akabaki ameining'iniza hewani kama si yake.

Pikipiki waliyoiita ilipofika, jasho lilikuwa linamtiririka Béata na mate yamemjaa mdomoni. Njiani alijikunja tumbo, akatapika begani kwa mume wake. Straton, aliyekwisha kunawa, aliwafuata kwa pikipiki nyingine nyuma ya dereva, amembeba Gaju kwa mkono mmoja na chupa ya dawa kwa mwingine.

Kwenye kituo cha afya muuguzi Tuyishimire alimulika macho ya Béata. Mboni zilikuwa ndogo kama vichwa vya sindano.

"Amekunywa nini huyu mama?"

Neno "maji" lilikuwa tayari mdomoni mwa Munyemana. Lingekuwa kweli.

"Dawa ya mpunga," alisema. "Niliosha pampu mferejini. Mimi mwenyewe. Yeye akateka chini."

Tuyishimire alisoma chupa, akaita mwenzake, mlango ukafungwa.

Munyemana alinawa kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka, kisha akakaa kwenye benchi na Gaju. Mle ndani Béata alikuwa anakohoa. Kila kikohozi kilipokatika Munyemana alishikilia ubao wa benchi mpaka kingine kije. Jua lilipanda. Gaju akamvuta babu yake shati.

"Koko, mayi."

Alitazama mlango uliofungwa.

"Koko. Mayi!"

Mwanamke aliyekaa karibu alifungua chupa yake, akaonja kidogo, akamnyooshea. Munyemana alishukuru, akaipokea, akaonja naye. Akangoja. Alisikiliza tumbo lake, akahesabu pumzi zake. Gaju alilia mpaka sauti ikakauka, na yule mwanamke akasema kwa upole, "Papa, ni mayi tu." Munyemana alifumba macho ndipo akampa.

Alasiri Tuyishimire alitoka akasema mama ataishi. Angelikunywa yule mtoto, alisema, asingefika hapa.

Béata alikuwa amelala, midomo imepauka. Alimwona mumewe mlangoni.

"Papa Christelle, bibi wako wa pili alitaka kuniua."

"Si yeye," alisema Munyemana. "Ni mimi."

Straton alikuwa amewawahi wanawake wengine. Siku zilizofuata Munyemana alipita nyumba kwa nyumba kusema yale yale: chujio linakamata vidudu, dawa ya shamba inapita, mnaona maji meupe lakini dawa imo. Alichimba shimo shambani, mbali na mfereji, la kuoshea pampu. Wapuliza dawa wawili walimfuata. Wengine walicheka, wakashuka darajani.

Maji anayaleta yeye mwenyewe kutoka chemchemi, bidoni mbili kwenye baiskeli, na bado anayapitisha kwenye chujio. Jana Béata alijaza kikombe, akakiinua aonje kwanza, kama siku zote. Munyemana alikichukua mkononi mwake, akanywa hadi nusu, akakishika kifuani.

Gaju alinyoosha mikono.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo."

Béata na Gaju wakasimama wakimtazama yeye, naye akajisikiliza kama siku ile kwenye benchi.